Mpishi Aliyelikimbia Ziwa

Kwa miaka kadhaa nilimpeleka ziwani mwanamke aliyeogopa maji, nami nikidhani anafuata mboga. Nalisema mapema ili msomaji asije akaniona mjanja. Nilikuwa dereva, na dereva huangalia barabara.

Kanisani kwao Malvern, hapa Johannesburg, mtaa wa nyuma ya Jules Street, wote walimwita Mama Mpishi. Alipika harusini, alipika matangani, alipika siku ya kumpokea mgeni kutoka Kongo na siku ya kumuaga anayekwenda Ulaya. Jina lake la kuzaliwa nililisikia mara moja tu, kwa karani mmoja aliyelisoma kwa shida, na yeye mwenyewe hakugeuka mpaka nilipomgusa bega. "Shofere," aliniambia, "mi nilisahau kama ule ni miye."

Mimi si mtu wa kanisa lao. Ni mtu wa Tanga, Mwislamu, na wakati ule nilikuwa na kombi nyeupe ya kukodisha ambayo niliipenda kupita kiasi. Viti vyake nilivifuta kila jioni. Kila mwaka katikati ya mwezi wa tatu, kiangazi kinapoaga na asubuhi za Johannesburg zinaanza kudai sweta, kanisa lile lilinikodi niwapeleke waumini wapya kwenye bwawa la Hartbeespoort wakabatizwe. Wao waliliita ziwa. Wengi wao ni wa Uvira na Bukavu, wamezaliwa wakitazama ziwa kweli, na nadhani neno bwawa waliliona dogo kwa kazi waliyotaka kuifanya pale. Ilikuwa lazima iwe mwezi wa tatu, kwa sababu hapo kabla watu wana likizo na mambo yao, na baadaye maji yanakuwa baridi ya kuua. Mchungaji wao, mtu mwembamba mwenye mzaha, alikuwa akisema Roho Mtakatifu haponyi mafua ya kujitakia.

Kwao ubatizo ni wa kuzamishwa mwili mzima. Asiyezamishwa anakaribishwa kanisani, anaimba, anatoa sadaka, lakini Jumapili ya Meza ya Bwana mkate unampita. Sikulitilia maanani nilipoelezwa, kwa kuwa halikunihusu. Kumbe ndilo jambo ambalo Mama Mpishi alilala nalo na kuamka nalo: alitaka kukaa kwenye meza ile moja na watu aliowalisha kwenye meza nyingine zote.

Lakini nianze na mboga, maana yeye mwenyewe angeanza nazo.

Mboga za dukani alizichukia kama mtu anavyomchukia shemeji. Alizishika, akazinusa, akazirudisha. "Hii haiko mboga," alisema, "hii ni karatasi ya rangi ya kijani." Sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa kwenye pakiti aliipika pale tu alipokuwa hana jinsi, tena akiomba radhi kwa kila sahani. Siku nyingine alipata majani mabichi ya muhogo kutoka kwa Wamsumbiji, na hapo mtaa mzima ulijua, kwa sababu alikuwa na kinu uani na hakukubali mashine ya umeme iiguse sombe yake. Jirani wa ukuta wa pili, mama mmoja wa Kizulu, alikuja siku moja kulalamikia kelele, akaondoka na bakuli. Baada ya hapo alilalamika kila kinu kilipolia, na kila mara alikuja na bakuli lake.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa 2015. Tulikuwa tumebakiza mwendo mdogo kufika ziwani alipopiga kioo cha kombi kwa pete yake, nikashtuka nikadhani kuna tairi limepasuka.

"Simama, shofere! Simama! Ona ile!"

Ile ilikuwa meza ya kando ya barabara, ya shamba la mzee mmoja Kaburu. Juu ya meza kulikuwa na maboga, viazi vitamu bado vina udongo, mahindi mabichi ya mwisho wa msimu na ndoo ya mapera yaliyonukia mpaka ndani ya gari. Abiria wote walishuka kuyashangaa mapera. Yeye alivipita vyote kama havipo, akaruka mfereji, akaingia shambani. Nikamkimbilia. Sisi Watanzania wa umri wangu tulilelewa na nyimbo za shule za kuwalaani makaburu, na nilipomwona mzee yule anakuja na mbwa wawili nilijua leo ndiyo leo.

Mama Mpishi hakumwogopa yule mzee wala mbwa. Aliinama, akakata kikonyo cha jani la kiazi kitamu kwa ukucha wa dole gumba. Kilivunjika kwa mlio mdogo, tap. Akatabasamu. Ndivyo alivyopima: kikonyo kikilia ni kibichi, kikipinda kimezeeka, achana nacho. Akamwonesha mzee lile jani, akajionesha mdomo.

Mzee akaniuliza kwa Kiingereza kama mama huyu anafuga sungura. Nikamwambia hapana, majani haya ni chakula cha watu. Akamtazama kwa huruma, akaenda mezani, akarudi na maboga mawili, akampa bure. Nilipomfasiria, Mama Mpishi aliyaweka maboga chini taratibu kama mtu anayeweka mtoto wa mwenziwe.

"Anafikiri tuko na njaa? Mwambie, shofere. Mwambie hatuko na njaa. Tuko na hamu!"

Sikujua neno la Kiingereza linalotosha hamu. Yeye hakungoja. Alishusha jiko la gesi kutoka kwenye kombi yangu, akaweka sufuria juu ya meza ya mzee, katikati ya maboga yake, akapika matembele kwa karanga za kusaga na mawese. Waumini wanne waliokuwa wabatizwe walikuwa wamesimama na mavazi yao meupe mikononi wakimeza mate. Mzee alikula kijiko kimoja kwa adabu, cha pili kwa mashaka, kisha akaendelea kula mpaka akamwita mke wake.

Mwaka uliofuata tulimkuta ametuachia kona moja karibu na mfereji bila kuipulizia dawa. Lengalenga, yaani mchicha, ambayo mzee maisha yake yote aliing'oa kama magugu, ilikuwa imemfikia kiunoni. Mzee alisimama pembeni mikono mfukoni, akiionea aibu kidogo. Mama Mpishi alimshika mkono kwa mikono yake miwili akamwambia maneno mengi ya Kiswahili, naye akajibu maneno mengi ya Kiafrikaans, nami mfasiri wao nikakaa garini. Hawakunihitaji.

Basi ikawa desturi. Kombi ilikwenda ziwani, ikashusha mchungaji na wabatizwa na kwaya, ikageuza, ikampeleka Mama Mpishi kwenye kona yake. Alisema mboga huchumwa na umande, jua likiipiga haifai, na mchungaji naye alibatiza asubuhi hiyohiyo kabla boti za watalii hazijaanza makelele. Kwa hiyo hakuwahi kuwapo. Watu walipozama na kuibuka yeye alikuwa kwenye mfereji akivunja vikonyo. Tuliporudi nimejaziwa gari mafurushi ya majani yaliyofungwa kwenye vitenge vilivyoloweshwa, wabatizwa walikuwa wameshakauka na wanataka kula. Wote waliona ni sawa kabisa. Nani angemwambia mpishi aache kuchuma chakula aje atazame watu wanaooga?

Kombi yangu, lo. Udongo, majani, maji ya vitenge yakichuruzika chini ya viti. Nilikuwa nikigomba kila mwaka, naye kila mwaka alinijibu vilevile: "Hii gari yako ni safi kama msikiti, shofere. Wacha leo ikuwe shamba kidogo."

Alinitania sana na dini yangu, lakini sijaona mtu aliyeiheshimu zaidi. Alikuwa na sufuria yangu peke yangu, yenye uzi mwekundu kwenye mpini, na haikuingia nyama yoyote isipokuwa kuku aliyekwenda mwenyewe kumnunua Fordsburg kwa Waislamu. Siku moja shemasi mmoja alichota humo kwa kijiko kilichotoka kwenye sufuria ya nguruwe. Mama Mpishi alimwaga chakula chote, akaisugua ile sufuria kwa mchanga, akapika upya, watu wakingoja. Mimi mwenyewe nilimwambia basi, yaishe. Akaniambia ninyamaze, haya si mambo yangu.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na mdomo. Alidanganya umri wake kila alipoulizwa na kila mara ulikuwa mwingine. Alihubiri chakula cha shambani kisha akanywa soda ya machungwa ile ya rangi kali, chupa kubwa, peke yake. Binti yake aliyezaliwa hapahapa aliongea Kizulu na Kiingereza, akakisikia Kiswahili cha mama yake bila kumjibu kwacho, na wawili hawa waligombana kutwa kila mmoja kwa lugha yake bila kupotezana hata neno. Aidha hakuweza kushukuriwa. Ukimwambia asante, chakula kizuri, alikuuliza kwani ulitegemea kibaya. Na hakula mbele ya watu. Alikula jikoni amesimama, kutoka kwenye mwiko, na kwa muda mrefu nilifikiri ni tabia ya wapishi.

Mwaka 2018, wiki moja kabla ya safari, nilikuwa naosha kombi nje ya nyumba yangu, mtaa wa Kensington, nikamwona anakuja kwa miguu. Alifungua mlango wa mbele akaketi, miguu nje, mkoba mapajani.

"Shofere, mchungaji anataka kuniweka mama shemasi."

"Hongera, mama. Umechelewa tu kupewa."

"Ameniuliza, mama, ulizamishwa mwaka gani? Nikamwambia niko na kitu kwa moto. Nikatoka. Hakukuwa kitu kwa moto."

Ndipo nikajua. Hakuwahi kubatizwa. Alifika Johannesburg na masufuria yake, akaingia kanisani kupitia mlango wa jikoni, na kila mchungaji aliyekuja alidhani aliyemtangulia ndiye aliyembatiza. Jumapili za Meza ya Bwana alikuwa nyuma akikoroga chakula cha mchana, hakuna aliyegundua kwamba mkate haumfikii. Nani atamkagua anayemlisha?

Nikamuuliza, kwa upole niliouweza, mbona asiingie tu majini, ni dakika moja. Aliutazama mkoba wake.

"Wakati tulikimbia vita, tulipanda mtumbwi asubuhi, tunaenda Kigoma. Tulikuwa batu wengi. Ukapinduka. Mutoto wangu nilikuwa namushika, mkono huu." Akauinua wa kushoto. "Wakakuja batu na mtumbwi ingine. Batu wazuri, shofere, sikatai. Wakanishika mikono yote mbili, wakanivuta. Yote mbili."

Maji ya mpira yalikuwa yakimwagika barabarani na sikuenda kuyafunga. Mtoto aliyepotelea majini alikuwa wa kike, wa miaka mitatu. Siivunji siri hapa, baadaye alisimulia mwenyewe mbele ya kanisa zima. Lakini siku ile ni mimi peke yangu niliyejua, na sikujua la kufanya nalo, nikampa maji ya kunywa.

Mwaka ule alijaribu. Alimwambia mchungaji kwamba hajazamishwa, hakumwambia kwa nini, na mchungaji akafurahi sana kwa namna ya watu wasiojua. Tulifika ziwani, hatukwenda shambani. Alivaa vazi jeupe, akasimama ukingoni. Mashemasi wawili, vijana wenye nguvu na nia safi kabisa, walikwenda wakamshika, mmoja kulia mmoja kushoto, kwaya ikapaza sauti, wakamvuta kwa furaha kuelekea kwa mchungaji.

Sitaki kukieleza kile kilio. Kwaya ilikatika. Wale vijana walimwachia kama wameungua, akaanguka kwenye matope ya ukingoni, akatambaa kurudi nyuma. Wazungu waliokuwa wakivua samaki upande wa pili walisimama. Nilimfungulia mlango wa kombi, akaingia na matope yake yote, na Mungu ananiona, sikukitazama kiti.

Kanisani watu walinong'ona. Wapo waliosema mama huyu ana pepo la maji. Ndipo akasimama Jumapili moja akasimulia, kwa maneno machache kuliko aliyonipa mimi, kisha akarudi jikoni. Minong'ono ikafa. Wale mashemasi wawili walimfuata jikoni wakalia kama watoto, akawapa vitunguu wamenye, akasema kama ni kulia, walie na kazi. Mchungaji alimwambia anaweza kumpaka maji kichwani tu, Mungu ataelewa. Alikataa. Alisema asitengenezewe mlango wake mdogo, ataingia kwa mlango wa batu wote au atabaki nje.

Mwaka 2019 ndio mwisho wa mimi kumwona. Kabla ya Krismasi ya mwaka ule alihamia Durban alikopata kazi binti yake, na tangu hapo ni sauti kwenye simu tu. Kwa hiyo nikimkumbuka, namkumbuka asubuhi ile ya mwezi wa tatu.

Tulipita shambani kwa mzee bila kusimama. Alikuwa mbele karibu nami, hata redio hakuilalamikia. Tulipofika alivaa vazi jeupe, akangoja wengine wote wamalize. Walizama mmoja mmoja, wakaibuka wakitetemeka na kucheka. Mchungaji akabaki majini, kiunoni, hakumwita. Alimngoja tu.

Mama Mpishi akaja dirishani kwangu.

"Shofere. Kuja unishike."

"Mimi, mama? Mimi si mtu wa kanisa."

"Najua. Batu wa kanisa wananiharakisha. Weye haujawahi kuniharakisha, hata nikichafua gari. Unishike mkono mmoja tu. Huu wa kulia. Ule mwingine usiuguse."

Nilitoka nje. Nilimwambia mchungaji kwa sauti, kutoka ukingoni, kwamba mimi ni Mwislamu, na maneno ya dini yao sitasema. Akajibu kwamba maneno atasema yeye, mimi nishike tu. Nikavua viatu, nikavua kofia, nikakunja suruali, kukunja kusikokuwa na maana yoyote kwa sababu baada ya hatua chache tulikuwa tumelowa sote.

Maji yalikuwa baridi. Tulisimama yalipotufika magotini, tukakaa hapo muda mrefu. Hakuna aliyeimba. Aliposogea nilisogea, aliposimama nilisimama. Yalipomfika kiunoni alifumba macho akasema, "Bado uko?" Nikasema niko.

Mchungaji alisema maneno yake. Akamweka kiganja nyuma ya shingo, mimi nimeushika mkono wa kulia, naye Mama Mpishi akaenda chini. Mkono wa kushoto ulibaki nje, juu ya maji, umekunjuka, vidole vimeachana. Niliutazama mkono ule. Nimeona mengi katika miaka yangu Johannesburg, lakini nikilia peke yangu kwenye robot, taa za barabarani, magari yakipiga honi nyuma, ni kwa ajili ya mkono ule.

Akaibuka. Kwaya ilitaka kuanza, mchungaji akainua kidole, wakanyamaza. Mama Mpishi alikuwa anahema. Hakumtazama mchungaji wala mimi, alitazama mbali, kule maji yanakoelekea ukuta wa bwawa. Kisha aliliita jina la binti yake yule aliyezama, mara moja, hakulia, aliita kwa sauti ya mama anayemwita mtoto aje ndani, chakula kimeiva.